Kibali cha Mimba

Msimu wa samaki wa samoni kutaga, askari walilinda mto. Ruhusa ilikuwa kuvua trauti tu, wale samaki wanaokula mayai ya samoni. Nyaguthii alirusha mshipi wenye nzi bandia wa uzi mwekundu, aliyefanana na yai la samoni.

"Mama, toka kwenye changarawe!" askari mmoja akaita. "Samoni wametaga humo, unawakanyaga watoto wao."

Nyaguthii alipogeuka, koti likafunguka. Askari akaliona tumbo.

"Kibali cha mimba kiko wapi?"

"Hao samoni walikuonyesha chao?"

"Usinichekeshe, mama. Nikiripoti, watakuja kuitoa hiyo mimba."

"Ripoti. Lakini uwaambie ulinikuta nikiwalinda watoto wa samaki."

Redio ya askari ikakoroma: "Uko na nani hapo mtoni?"

Askari akaizima redio. Nyaguthii hakulifunga koti. Akarusha mshipi tena.