Picha ya Kabla

"Bomoeni kona moja tu," alisema afisa wa ruzuku, akijifuta jasho shingoni. "Kidogo tu, nipate picha ya kabla."

Tangi la maji ya mvua lilikuwa nyuma yake, limekamilika na limejaa. Boti yake ilichelewa, mvua haikuchelewa. Kikundi chetu cha akina mama kilipopewa ile ruzuku ndogo, hatukumngoja yeye aje kupiga picha. Mchanga tuliubeba vichwani kutoka upande wa pili wa kisiwa, na fundi wa kujenga nilikuwa mimi.

"Kabla ya nini, mwanangu?"

"Kabla ya mradi, mama. Bila picha hiyo wafadhili hawataamini kwamba mlikuwa na shida."

"Wewe si umeliona tangi?"

"Mimi nimeliona. Wao wataona picha."

Mama mkwe wangu aliweka kiganja ukutani, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Vidole vyake vilikuwa bado vimechubuka kwa saruji, na kucha moja ilikuwa imeng'oka.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nikachukua nyundo yangu, nikamtia afisa mkononi, nikavikunja vidole vyake laini kimoja kimoja juu ya mpini.

"Bomoa wewe, mwanangu," nikamwambia. "Picha tutapiga sisi."

Nyuma yangu akina mama wote wakainua simu zao.