Sharubu za Filemoni

"Kanyoe kwanza hizo sharubu, mwanangu," alisema Mzee Anania. "Shauri lako nitalisikia ukirudi."

Filemoni alidhani ni mzaha. Sharubu zile alizilea miaka tisa. Zilimfunika mdomo hata uji aliunywa kwa kuuchuja. Lakini nani angembishia Mzee Anania? Kijiji chote cha Mdandu kiliamini hakuna msikilizaji kama yeye. Hata Bwana Shauri, yule Mwingereza mtawala wa wilaya kule Njombe, aliwahi kukaa kwenye baraza lake, akaondoka akimsifu njia nzima. Wazee wengine husikiliza huku wanachokonoa meno. Huyu alikukazia macho usoni mpaka neno la mwisho. Watu wawili hawakusema pamoja mbele yake, na ukiongea umeinama, alikuinua kidevu kwa ncha ya bakora.

Filemoni akanyolewa. Mkewe Dorika alipouona mdomo wa juu, umepauka kama kiazi kilichomenywa, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe niliolewa na mtu nisiyemjua!"

Akarudi uwanja wa kanisa amenuna. Mzee akamsimamisha juani, uso kwa uso. Watu wengine wote walikuwa mbali kidogo, nyuma ya mgongo wa mzee, wamejikunyata na mablanketi yao chini ya nguzo ya kengele.

Shauri lilikuwa la kengele hiyo hiyo. Mpigaji wake alikuwa amefariki, na kazi ile ilikwenda pamoja na kipande cha shamba la ngano la usharika. Filemoni alimtaka shemeji yake. Mjane Anyisile alimwombea binti yake Ida, asiyesikia tangu kuzaliwa. "Saa anazijua kwa kivuli cha nguzo," alikuwa ameshaeleza. Wakikosa shamba lile, yeye na mwanawe wangerudi kulima vibarua vya watu.

"Baba, kiziwi na kengele wapi na wapi?" Filemoni akaanza. "Asiyesikia hana akili. Huyu atatupigia ya msiba siku ya harusi! Kazi za watu zinataka masikio. Wewe mwenyewe, baba, tunakuheshimu kwa nini? Si kwa masikio yako?"

Mzee akatabasamu. "Leo umesema vizuri, nimekupata neno kwa neno. Lakini kengele hupigwa kwa mikono, mwanangu. Basi Ida ajaribiwe. Apige ya ibada, mara tatu. Akikosea, kazi aichukue shemeji yako. Akipatia, shamba ni la mama Ida."

Anyisile akamwonyesha binti kwa vidole. Ida akatema mate viganjani, akashika kamba.

Pigo la kwanza liliwarusha kunguru kwenye paa. La pili likawaliza watoto migongoni. La tatu likavuka bonde, nalo limepishana na wenzake sawasawa kabisa. Vigelegele vikalipuka. "Apewe! Apewe shamba lake!"

Filemoni alijikaza kama mti wa uzio. Hakupepesa jicho, hakufungua mdomo. Hakutaka mzee amwone ameshindwa.

Mzee Anania, macho bado kwenye mdomo ule ulionyolewa, alingoja. Akangoja tena. Kisha akamwinamia Filemoni, akamwuliza kwa upole:

"Mbona hapigi?"