Nukta ya Kijani

Siku hizi chanjo ya kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi huacha nukta begani: ya kijani kama kirusi hakijakugusa, ya kahawia kama kimeshakupitia. Ndiyo maana wakwe hutaka kuona bega kabla ya ndoa.

Nilikuwa nampaka hina binamu yangu Raifa, na bega lake lilikuwa tupu.

"Nichoree ya kijani, shoga."

"Si ukachanjwe?"

"Ikitoka kahawia, utaolewa wewe?" Alicheka peke yake.

"Raifa, mama yako alikufa na nini?"

"Na saratani hiyohiyo. Najua. Chora."

Nikachora, kwa wino usiotoka. Mama mkwe akaja, akafunua kanga, akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Raifa akanikonyeza.

Alipokwisha olewa, akaenda zahanati mwenyewe, kimyakimya, akachanjwe. Muuguzi wa zamu alikuwa wifi yake. Akalitazama bega, akacheka.

"Wewe umeshachanjwa, bi harusi. Rudi kwa mumeo."

Sasa amekaa mbele yangu, kanga imeshuka begani. Nasugua kwa ndimu na majivu. Ngozi imekuwa nyekundu, nukta bado ni ya kijani.

"Sugua," ananiambia. "Usinionee huruma."