Kadi ya Idarusi

Fundi Kombo aliichomoa tena ile kadi ya picha, akaipuliza vumbi, akairudisha taratibu kwenye nafasi yake ndani ya kompyuta mpaka ikabana. Akabonyeza swichi. Feni zilizunguka, lakini kioo kilibaki cheusi.

"Kadi ni nzima, mama. Ubao mkuu wa ndani, unaobeba kadi, ndio wa zamani, hauitambui."

"Mwanangu Idarusi hakuwa mjinga," alisema Bi Hidaya. "Aliniambia ikifika, nitaiona nyumba aliyonichorea humu." Kadi aliyoiagiza ilikuwa imefika baada ya arobaini ya msiba wake.

"Hata mafundi hukosea hapo, kwa kuwa inaingia vizuri. Nikibadilisha ubao, utaiona."

Bi Hidaya aliinamia kasha lililo wazi. Nyaya zote zilikuwa zimefungwa vifundo vifundo kwa uzi mwekundu.

"Mwizi huyu mwanangu! Nyuzi zangu za cherehani." Alicheka kidogo, akavigusa vifundo. "Na hivi utavifanyaje?"

"Lazima nivikate, mama. Ubao hautoki."

Kombo alichukua mkasi. Bi Hidaya akamshika mkono.

"Usikate. Nitavifungua mwenyewe."

Alivuta kigoda, akatafuta ncha kwa kucha. Mpaka Kombo anateremsha mlango wa duka nusu, alikuwa amefungua viwili tu.

"Vingine kesho, mama."

Bi Hidaya aliitikia kwa kichwa, huku akiuzungusha uzi kidoleni, polepole, usikatike.