Picha za Kila Siku

"Mama Sia, ule mjane yako iko napiga nani picha kule ku dirisha?"

Yvette wa saluni, yule Mkongo, aliuliza hivyo siku moja walipopishana kwenye ngazi za ghorofa lao la Sydenham, Durban, akapita zake akicheka. Coletha hakucheka. Alibaki amesimama na mfuko wake wa viazi.

Maana alikuwa anajua. Chini ya dirisha la Bi Kidawa, mjane aliyempangisha chumba, ng'ambo ya barabara, walikaa waosha magari: vijana vifua wazi, suruali zimeteremka, povu likiwachuruzika migongoni. Nyuma yao mapaa ya nyumba, kisha kilima cha mbali chenye mstari mweupe wa ukuta. Lakini Coletha, mjane wa miaka tisa, mtu wa rozari na misa ya alfajiri, macho yake yaliishia kwa wale vijana. Kila akifika dirishani hutazama, hufyonya, huvuta pazia.

Bi Kidawa havuti pazia. Na yeye ndiye mwenye eda! Siku ya mazishi wanaume waliinua jeneza la mumewe wakashuka nalo ngazi, wanawake wakabaki ndani na Yasini, ndivyo ilivyo kwao. Tangu hapo hajavuka kizingiti cha nyumba. Nguo nyeupe, uso chini, sauti ya kuomba radhi. Ukimwona utasema malaika.

Halafu malaika akaagiza kamera.

Gilbert, Mtanzania mwenzao anayeuza vifaa vya mitumba, alileta mbili. Kwa kuwa mwenye eda haonani na mwanaume wa kando, alikalishwa sebuleni, Bi Kidawa akabaki nyuma ya pazia la chumba chake, na Coletha katikati, akipokea na kupeleka kama tarishi.

"Unataka ya harusi, mama, au ya maulidi?"

"Ya kila siku tu, mwanangu. Ila iwe inavuta mbali. Simu yangu nikivuta naona uji mtupu."

Ya kwanza, nzito kama pasi ya mkaa, ilirudi upesi. "Ikifika mbali inatetemeka kama mtu mwenye malaria."

"Iegemeze kwenye fremu ya dirisha, mama."

"Nimeiegemeza. Bado."

Ya pili ilikuwa ndogo. Ukiiwasha, mdomo unatoka kama shingo ya kobe, unatoka, unazidi kutoka. Nyuma ya pazia Bi Kidawa akaijaribu dirishani.

"Rangi zake zimepauka," sauti ilisema. "Na kukiwa na wingu inachelewa. Lakini inafika. Gilbert, namba itasoma?"

"Namba za magari ya hao wanaooshewa? Eish, mama! Itakusomea mpaka leseni ya dereva!"

Gilbert alicheka akijipiga paja. Mkono ukatoka nyuma ya pazia kupokea chaja. Coletha aliikabidhi, kisha akajifuta vidole kwenye kanga, kana kwamba ameshika samaki aliyeoza.

Tangu siku hiyo, kila baada ya Alasiri, alisikia mlio mdogo chumbani. Mara moja tu. Kila siku, hata ya manyunyu. Asubuhi moja alipopeleka chai akakuta kwenye fremu ya dirisha pameandikwa kwa penseli: 118. Hakuuliza. Ni ya gari la mtu, au ya mlango wa mtu. Na marehemu hata miezi mitatu hajatimiza ardhini! Alirudi jikoni akaimwaga chai yake kwenye sinki.

Basi neno la Yvette likamaliza. Kama ngazi nzima inajua, kesho itajua parokia. Mkataba wa nyumba uko kwa jina la Coletha, na binti yake Sia analala humo humo. Kumtoa mjane katikati ya eda ni jambo zito, hilo alilijua. Bi Kidawa hana pa kwenda. Ndugu yake Durban nzima ni shemeji mmoja, anayelala hosteli ya wafanyakazi kule Jacobs. Shauri yake. Uchafu ni uchafu.

Saa kumi aliingia bila hodi.

"Bi Kidawa, funga vitu vyako. Leo hii."

Bi Kidawa alikuwa juu ya mswala, uso kibla, midomo tu ikicheza.

"Nasema na wewe! Mungu gani huyo unayemsalia huku umetega macho kwenye vifua vya watoto wa watu?"

Anayeswali hajibu. Akainama, akasujudu.

Coletha aliuchomoa ufunguo wa chumba kwenye msumari nyuma ya mlango, akaufumbata. Kwa mkono wa pili akaichukua kamera dirishani. Alimwona Gilbert anavyominya. Naye akaminya, awaone hao mabwana mmoja mmoja, hata kama atatapika.

Hapakuwa na mtu. Wala gari, wala povu. Palikuwa na ukuta mweupe, na ndani ya ukuta tuta lenye majani mabichi. Akaminya. Tuta lile lile, majani mafupi kidogo. Akaminya tena na tena, siku zikirudi nyuma, majani yakinywea, yakawa vichipukizi, yakaisha kabisa, ukabaki udongo mwekundu mtupu, urefu wa mtu, na upande wa kichwani kibao cha bati: 118.

Nyuma yake Bi Kidawa alitoa salamu ya kumaliza swala, kulia, kisha kushoto.

"Mama Sia? Ulikuwa unasemaje, dada yangu?"

Coletha aliirudisha kamera dirishani, mdomo wake ukielekea kule kule kilimani. Akautundika ufunguo kwenye msumari, akatoka.