Zamu ya Nindar

Mehnga alianza na kwato. Alizisugua moja moja kwa gunzi la muhindi, akazipaka hina, kisha akahamia shingoni na kuyasuka manyoya ya Lachi vishungi vidogo vidogo, kila kimoja na uzi wake mwekundu.

Miaka thelathini alikuwa akiwapambia watu farasi wa bwana harusi. Hakuna kijana wa vijiji vile aliyekwenda kuoa asipande Lachi, au mama yake Lachi, huku Mehnga akitangulia kwa miguu, hatamu mkononi. Leo ilikuwa zamu ya mwanawe mwenyewe.

"Mimi nitakwenda kwa gari, baba," Nindar alikuwa akimtania. "Lachi wako anatembea kama shangazi anayetoka sokoni." Lakini juzi, wakimlisha pamoja, alilegea. "Haya, mzee, nitampanda. Ila usije ukanililia mbele ya wakwe."

Mehnga akaahidi.

Ndani, wajomba walikuwa wameshamwogesha Nindar kwa mtindi na maji. Kijana asiyetulia hata kwa kinyozi, leo hakupinga lolote: si wanja, si shati jipya, si kilemba cha waridi.

Gelo, dada yake, alitoka na dengu zilizolowekwa, kazifumbata kwenye pindo la ushungi, maana dada ndiye anayemlisha farasi wa kaka yake. Lachi alikula polepole. Kisha Gelo akaikamata hatamu, kama dada wote wafanyavyo, asiiachie mpaka apewe zawadi.

"Aliniahidi bangili," alisema.

Mehnga akaingiza mkono mfukoni. "Alikununulia. Zilikuwa kwenye shati lake la jana. Moja imevunjika."

Gelo akaivaa ile nzima, akaiachia hatamu.

Bachna, jirani yao mpiga ngoma, alikuja akasimama kwenye mlango wa zizi. "Wakwe wamefika, mzee Mehnga. Wanauliza, farasi wa nini? Mwache Lachi, ndugu yangu."

"Nilimwahidi mtoto."

"Jua linapanda."

"Basi nishikie hapa, nikaze tandiko."

Bachna akashika.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya baba. Mehnga alinawa mikono, akaingia ndani, akapiga magoti, akalifunga shada juu ya kilemba cha mwanawe. Nyuzi za maua zikashuka, zikaufunika uso wote. Akazipanga moja moja, zisipishane.

"Umependeza," alimwambia. Hakulia.

Kisha wanaume wanne wakainama, wakamnyanyua Nindar mabegani, miguu mbele, wakashika njia ya kwenye kuni za kumchomea maiti. Mehnga, aliyezoea kutangulia, akafuata nyuma akimwongoza Lachi, tandiko likiwa tupu.