Kipimo Dirishani kwa Mwatumu

Fundi alimwambia Salha kwamba kibali cha jenereta hakitoki mpaka sauti yake ipimwe kwa jirani, kwenye dirisha la chumba cha kulala. Jirani alikuwa Mwatumu, dada yake mkubwa, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka minne.

Salha alipiga hodi, fundi akiwa nyuma yake. "Dada, umeme ukikatika, mashine ya oksijeni ya mama inazima. Naomba tupime sauti kwako."

Mwatumu aliwapisha hadi chumbani.

Jenereta ilikuwa ikinguruma ng'ambo ya ukuta. Fundi aliinua kipimo dirishani.

"Haijavuka kiwango," alisema. "Nikaizime?"

"Subiri," alisema Mwatumu. "Mama yuko macho saa hizi?"

Salha aliitikia kwa kichwa. Mwatumu alikuwa ameshainama mlangoni, akitafuta viatu vyake.